Aurora za Kaskazini na Kusini Hazipaswi Kuchorwa Kama Nakala

Michoro mingi inayoeleza uga wa sumaku wa Dunia, yaani eneo ambamo nguvu yake ya sumaku hutenda, huonyesha kaskazini ikiwa nakala kamili ya kusini, na kwa maoni yangu ulinganifu huo unapotosha kuliko unavyofundisha. Upepo wa jua, yaani mkondo wa protoni na elektroni unaosafiri kwa kasi ya takriban kilomita 400 kwa sekunde, huubana uga huo upande wa mchana hadi umbali wa karibu kilomita 65,000, kisha huuburura upande wa usiku ukawa mkia unaopita mbali zaidi ya njia ya Mwezi. Hadi hapo wachoraji wako sahihi.

Wanachoacha ni kwamba upepo huo hubeba uga wake wenyewe wa sumaku, ambao uelekeo wake hubadilika mara kwa mara. Unapoelemea mashariki au magharibi, shinikizo huongezeka upande mmoja wa mkia katika kizio cha kaskazini na upande wa pili katika kizio cha kusini, na mkia husokoteka kama nguo inayokamuliwa. Hapo aurora mbili, yaani mianga ya angani inayoonekana karibu na ncha za Dunia, zilizounganishwa na mistari ileile ya uga (njia ambazo nguvu ya sumaku hufuata) hujitokeza mahali pasipolingana, moja ikisogea kuelekea alfajiri na nyingine kuelekea jioni. Tarehe 12 Mei 2001 setilaiti zilinasa hata tofauti ya mng'ao: doa kali la kaskazini lilikuwa upande wa alfajiri, la kusini upande wa jioni.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba tofauti ya mahali husababishwa na mistari ya uga inapokatika na kuungana upya ndani ya mkia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, walionyesha mwaka 2018 kwamba tukio hilo hupunguza shinikizo na kuzirudisha aurora kwenye ulinganifu. Ugunduzi huo (ambao naona haujapewa uzito unaostahili) unaifanya tofauti yenyewe kuwa dalili ya hali ya mkia, sehemu ambayo ni vigumu mno kuipima kwa setilaiti chache.

Dalili hiyo, hata hivyo, haisomeki kwa kutazama ncha moja tu. Sehemu kubwa ya ukanda wa aurora wa kusini iko juu ya bahari na barafu, ambako vituo vya ardhini ni vichache, kwa hiyo ningeweka kamera za setilaiti zinazopiga picha ncha zote mbili kwa wakati mmoja mbele ya vipaumbele vingine vya utafiti huu.