Marudio ya Namtumbo, kwa jicho la mtu wa Mwanza

Hapa Mwanza ukitaja mradi wa kuchimba urani, madini ya kuzalishia umeme wa nyuklia, kwenye Mto Mkuju wilayani Namtumbo, watu wanaona ni habari za Ruvuma. Kweli, maji ya kule hayaji ziwani kwetu. Lakini sisi wa Kanda ya Ziwa tunayajua marudio, ule mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa na dhahabu kutolewa.

Kwenye karasha moja, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, huko Geita nilimkuta dada mjamzito anakamua zebaki kwenye kitambaa kwa mikono mitupu, kisha akaichoma dhahabu juu ya mkaa. Mwanawe alikuwa pembeni, anachezea kizibo cha soda kilichopimia zebaki. Hakuna aliyesogea. Mvuke ule wa zebaki ni sumu, lakini hauonekani wala haunuki.

Radoni, gesi ya mionzi inayotoka kwenye urani, nayo haionekani. Na urani ikishatolewa, takribani asilimia 85 ya mionzi ya mawe yale hubaki kwenye marudio. Humo mna radiamu, elementi ya mionzi ambayo huchukua miaka 1,600 kupungua nusu tu.

Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, wanalijua hili. Ardhi yao ilichimbwa urani tangu 1944 hadi 1986, na zaidi ya migodi 500 ikatelekezwa. Wachimbaji walivuta radoni bila kuambiwa hatari yake, na wengi wakafa kwa saratani ya mapafu. Mwaka 1979 bwawa la marudio ya urani lilibomoka huko Church Rock, jimbo la New Mexico, zaidi ya lita milioni 350 za maji yenye sumu zikaingia Mto Puerco, walikonywesha mifugo yao. Sheria ya fidia kwa wachimbaji ilikuja 1990.

Wanaoutetea mradi wa Mkuju wana hoja nzito. Migodi ya leo hupima mionzi, Namtumbo inataka ajira, na dunia inatafuta umeme usiotokana na makaa ya mawe. Mwaka 2012 UNESCO yenyewe, inayosimamia urithi wa dunia, ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous usogezwe kupisha mgodi, kwa masharti. Mimi nami sisemi urani ile ifukiwe milele.

Kinachoninyima usingizi ni siku mwekezaji atakapofunga mizigo. Bwawa la marudio atalilinda nani? Fedha ya kulifunga na kulitunza iwekwe benki kabla uchimbaji haujaanza, si baada ya faida. Na visima vya Likuyu na vijiji jirani vipimwe sasa, majibu yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji, ili mama akilalamika miaka 20 ijayo kwamba maji yamebadilika, asiambiwe yalikuwa hivyo tangu zamani.