Mwakilishi wa Mfalme asiyeweza kumweka mtu ndani

Ndugu zangu mlioko nyumbani Tanzania mara nyingi huniuliza kama huku Uingereza nako kuna wakuu wa mikoa. Anayekaribia kufanana nao ni Lodi Luteni, mwakilishi wa mfalme katika kaunti, ambaye huteuliwa kwa ushauri wa waziri mkuu na hustaafu atimizapo miaka 75. Cheo hiki kilianza enzi za Henry VIII, katika miaka ya 1540, kwa ajili ya kukusanya mgambo wa kaunti, lakini mwaka 1871 mamlaka juu ya mgambo hao yaliondolewa mikononi mwake, na kilichobaki ni heshima.

Kazi yenyewe haina mshahara. Mwenye cheo huandaa ziara za kifalme, hukabidhi nishani kwa niaba ya mfalme, huvitambua vikundi vya kujitolea, na yeye au naibu wake huwakaribisha wageni wanaoapa kuwa raia. Bristol, jiji ambalo pia ni kaunti, na ambalo sehemu ya utajiri wake ilitokana na biashara ya watumwa, ilimpata Peaches Golding mwaka 2017, mzaliwa wa Marekani na mwanamke mweusi wa kwanza kushika cheo hicho nchini. Kwa mhamiaji kama mimi, kukaribishwa kwa jina la mfalme na mtu ambaye naye alihamia hapa ni jambo zito.

Kwetu, mkuu wa mkoa hufanya mengi ya hayo: huupokea Mwenge wa Uhuru, huzindua zahanati, hutoa vyeti vya shukrani. Lakini ndiye pia mwenyekiti wa kamati ya usalama, na Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inamruhusu, anapoona amani iko hatarini, kuamuru mtu ashikiliwe hadi saa 48. Mama anayelea yatima anapopewa cheti na mkono huo, sioni ni vipi makofi ya majirani zake yatakosa chembe ya woga.

Siombi machifu warudishiwe mamlaka yaliyofutwa mwaka 1963, wala sidai kwamba utaratibu wa Waingereza hauna kasoro. Kazi isiyolipwa huwafaa zaidi wenye uwezo, ingawa Lodi Luteni wa kaunti ya Merseyside kuanzia 2006 hadi 2017 alikuwa mkunga, Lorna Muirhead. Ninachokitaka ni Bunge liondoe kifungu cha saa 48, kazi hiyo ibaki kwa polisi na mahakama, na shukrani za taifa zipelekwe vijijini na walimu na wauguzi wastaafu wanaoheshimika mkoani mwao, walipwe nauli na posho ili hata asiye na mali aweze kuifanya kazi hiyo.