Bunduki Fupi ya Kuwindia Isiyo na Darubini: Faida Yake Inaishia Mita Ngapi?

Miongoni mwa wawindaji wenyeji wa Mwanza, wale wanaokata leseni za msimu na kwenda upande wa Maswa, ama kuvuka Daraja la Kigongo–Busisi kuelekea mapori ya magharibi, mjadala wa bunduki fupi na nyepesi haujawahi kupata jibu moja. Wapo wanaosema kwamba bunduki ya kukoki kwa mkono, yenye mtutu usiozidi sentimita 50, uzito wa kilo tatu hivi na vilengeo vya chuma pekee, ndiyo inayomfaa mtu anayewinda kwa miguu. Wapo pia wanaojibu kwamba silaha ya namna hiyo humpunguzia mtu mzigo na kumharibia shabaha, na kwamba mwenye uwezo wa kumiliki bunduki moja tu hana sababu ya kununua isiyo na darubini. Kila upande una ukweli wake, ila kwa maoni yangu watu wanabishania urefu wa mtutu wakati jambo linaloamua yote ni umbali ambao mwindaji husika hufyatulia risasi zake.

Tuanze na hoja za wanaoipenda. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kupiga mnyama kutoka kwenye gari na inakataza kuwinda usiku, kwa hiyo mwindaji halali ni mtu wa kutembea, na anatembea mchana wa jua kali. Katika vichaka vya migunga, bunduki yenye urefu wa mita moja na sentimita 15 hunasa kila mara, na mtu akiivuta ili aitoe kwenye miiba, kelele hiyo inatosha kumshtua tohe au swala pala aliyekuwa ameinamia majani. Bunduki ya sentimita 95 hupita. Kuna jambo jingine ambalo asiyewahi kuibeba haliwazii kirahisi: pasipo darubini juu yake, kiganja hufunga vizuri katikati ya bunduki, juu ya chumba cha risasi, pale inaposimama sawa bila kuelemea mbele wala nyuma, na mtu anaweza kuishika hivyo kwa mkono mmoja asubuhi nzima. Ukiiwekea darubini, mahali hapo hupotea, nawe unalazimika kuining'iniza begani kwa mkanda, ambako kuishusha na kuiweka tayari huchukua muda ambao mnyama wa kichakani hakupi.

Wapinzani hupenda kuanza na mwendo wa risasi, nami nalipita upesi, kwa sababu ndilo jambo dogo kuliko yote. Risasi ya .308 (namba hiyo ni kipenyo chake kwa inchi) hupoteza takriban mita saba au nane kwa sekunde kwa kila inchi ya mtutu inayokatwa. Ukitoka mtutu wa inchi 24 hadi wa inchi 18, umepoteza mita zipatazo 45 kati ya zaidi ya mia nane. Swala aliye mita 80 hatatambua tofauti hiyo. Kinachoongezeka kweli ni mshindo na mwako mdomoni mwa mtutu, na hayo humsumbua mpigaji mwenyewe.

Udhaifu mkubwa uko kwenye vilengeo, na hapa hesabu kidogo inasaidia. Chukua bunduki fupi ambayo nundu yake ya mbele, yaani kilengeo kilicho karibu na mdomo wa mtutu, ina upana wa milimita 2 na iko sentimita 70 kutoka kwenye jicho. Katika mita 50, nundu hiyo hufunika eneo la sentimita 14 hivi, yaani karibu sawa na sehemu ya moyo na mapafu ya swala pala. Katika mita 100 hufunika karibu sentimita 29, na hapo mwindaji haoni tena mahali anapotaka kupiga. Ongeza kosa la mkono. Kama mkato wa nyuma, yaani kilengeo chenye pengo ambamo nundu huonekana, na nundu ya mbele vimeachana kwa sentimita 35 tu, kama ilivyo kwenye bunduki nyingi za aina hii, basi robo milimita ya kutolinganisha vizuri hupeleka risasi kando kwa sentimita saba katika mita 100. Mtu anayepumua kwa nguvu baada ya kupanda mteremko hukosea zaidi ya robo milimita bila kujijua.

Mwanga nao una yake. Jua la asubuhi linapopiga nundu ya shaba au ya chuma kilichochakaa kutoka ubavuni, upande mmoja hung'aa, jicho likauchukua ule upande wenye mwanga kuwa ndio katikati, na risasi ikaenda upande wa pili wa jua. Dawa yake ya zamani ni kuifukizia nundu moshi wa koroboi mpaka iwe nyeusi tii. Dawa hiyo haisaidii uzee wa macho, kwa kuwa mtu aliyepita miaka 45 mara nyingi hawezi tena kuona sawasawa mkato, nundu na mnyama kwa pamoja. Kwake yeye darubini ndogo isiyokuza sana si anasa, maana huweka alama na mnyama katika umbali mmoja wa jicho, na kwa hili wapinzani wa bunduki isiyo na darubini wamesema kweli kabisa.

Hata hivyo, wengi wanaolinganisha mkato na darubini wanasahau njia ya katikati, nayo ni pete yenye tundu inayofungwa nyuma kabisa, karibu na jicho. Jicho halihitaji kuitazama pete hiyo. Hutazama nundu na mnyama tu. Tena nafasi kati ya vilengeo viwili hurefuka kutoka sentimita 35 hadi 55 au zaidi, na lile kosa la sentimita saba hushuka hadi nne na nusu. Nashangaa kwamba kifaa rahisi namna hii hakizungumzwi sana kwetu.

Uzito unahitaji tahadhari kuliko urefu. Bunduki ikishuka kutoka kilo 3.6 hadi 2.7, nguvu ya teke lake begani huongezeka kwa theluthi moja kwa risasi ileile, na mtu aliyeumizwa bega mazoezini huanza kufumba macho kabla hajafyatua. Isitoshe, bunduki nyepesi mno hutikisika mikononi mwa mtu aliyesimama. Ndiyo maana sishawishiki na silaha ya .308 iliyo chini ya kilo tatu. Jeff Cooper, Mmarekani aliyeeneza wazo la bunduki ya namna hii, alitaka isizidi mita moja kwa urefu na iwe na uzito wa kilo tatu hivi pamoja na darubini yake, na huo kwangu ndio mpaka wa chini.

Watetezi wa bunduki nyepesi humtaja sana W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20 na kuangusha tembo wengi kwa risasi nyembamba ya milimita 7 (7x57). Habari ni za kweli, lakini haziwasaidii. Bell alipasua vichwa vya tembo ili ajue ubongo umekaa wapi, na alikuwa mpigaji wa kipekee. Tena, bunduki yake nyepesi ya milimita 6.5 aliiacha kwa sababu ya risasi zenye hitilafu. Leo kanuni zetu zinataka silaha isiyopungua .375 kwa wanyama hatari kama nyati, kwa hiyo bunduki tunayoijadili ni ya swala, ngiri, nyamera na wenzao tu.

Hapo ndipo suala la risasi linapoingia. CZ 527 fupi ya Jamhuri ya Cheki, ambayo haitengenezwi tena ila bado inapatikana iliyotumika, ina kilo 2.7 na huchukua risasi ya 7.62x39 yenye teke dogo. Ni silaha tamu kuibeba. Lakini ukirekebisha vilengeo ili ipige sawasawa katika mita 100, risasi hiyo huwa imeshuka zaidi ya sentimita 20 ifikapo mita 200, wakati .308 hushuka karibu nusu ya hapo. Jingine ni kwamba risasi hiyo ndiyo ya SMG ya kijeshi, yaani AK-47, na anayeomba kibali chake ajiandae kueleza vizuri, kwa kuwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 risasi hununuliwa kwa kibali pia.

Uamuzi wangu ni huu: anayewinda vichakani, ndani ya mita 80, na macho yake bado mazima, achukue bunduki fupi yenye mtutu wa sentimita 50 hivi, uzito wa kilo tatu na robo, pete ya nyuma, na matundu ya kufungia darubini atakapoihitaji. Anayewinda mbuga za wazi ambako nyamera husimama mita 150 na zaidi, aiache kabisa. Mnyama aliyevunjwa taya au mguu hutembea siku nzima kabla ya kufa, na hakuna wepesi wa mzigo unaolipia mateso hayo.

Kabla ya kulipa, mnunuzi ahakikishe bunduki haina risasi, aielekeze mahali salama, afumbe macho, aipandishe begani, kisha ayafumbue. Bunduki nyingi za sasa zina kitako kilichoinuliwa kwa ajili ya darubini, na shavu likikaa juu kiasi hicho, vilengeo vya chuma hubaki chini ya jicho. Ikiwa atalazimika kubana shavu kwenye mbao ndipo aione nundu ndani ya mkato, kitako hicho hakimfai, hata kama bei ni nzuri.