Msiizibe barza

Wiki iliyopita nilipita mbele ya nyumba moja ya zamani katikati ya Lubumbashi, kwenye avenyu ya mijakaranda, nikakuta mafundi wanajenga ukuta wa saruji mbele ya barza, ule ukumbi wa nje wenye paa na nguzo. Nguzo zilikuwa zimeshafunikwa hadi kifuani. Niliumia.

Nyumba ile naijua. Babu yangu mzaa mama alikuwa mpishi humo kabla ya uhuru wa 1960. Alikuwa akitusimulia meko ya ukutani ya kuota moto Juni na Julai, kabati la vyombo vya kaure, mapazia mazito ya mahameli, na piano aliyoifuta vumbi kila asubuhi bila kumsikia mtu akiipiga. Reli iliyofika kutoka kusini mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville, ilifungua njia ya mizigo ya namna hiyo. Ndani ilikuwa Ubelgiji tupu.

Lakini kuta zenyewe? Matofali ya udongo wa vichuguu vya hapahapa Katanga, yaliyofyatuliwa na kuchomwa na mikono ya watu wetu. Dari imeinuliwa ili joto lipande, paa limeshuka kukinga mvua ya Desemba, na barza inazunguka nyumba, maana bila kivuli kile jua la Oktoba lingeingia hadi kitandani. Hata jina la kivuli hicho Mbelgiji hakuja nalo. Alichukua "baraza" ya Kiswahili, akaitamka "barza", akaitia katika Kifaransa chake cha Kongo. Nasi tukaipokea tena kutoka kwake, na leo kijana wa mitaa yetu ya Katuba au Kamalondo atakuapia kwamba ni neno la Kifaransa!

Wapo wanaosema nyumba hizi ni za mkoloni, zibomolewe zote. Nawaelewa. Babu alilala boyerie, chumba kimoja cha watumishi nyuma ya kiwanja, na mama yangu alizaliwa humo. Barzani babu alifika akiwa na sinia mkononi, hakuwahi kukaa. Ila naona tunabomoa upande usiostahili. Wenye nyumba wapya wanatunza meko na vioo vya fremu za dhahabu, wanaviita urithi, kisha wanaziba barza wapate chumba cha kupangisha na kuvunja boyerie waweke gereji. Kinachoondoka ndicho chetu. Kinachobaki ni sebule yenye giza saa sita mchana, inayotaka kiyoyozi katika mji ambao sote tunajua umeme wake unavyokatika.

Ndani mtu apake rangi anayotaka. Barza aiache wazi, na boyerie isimame palepale, ili mtoto akiuliza nani aliishi humo, aonyeshwe mlango.

Nilimuuliza fundi kama ukuta unaweza kuishia hapo ulipofika. Akanijibu kwa upole, kama kwa ndugu mkubwa, "Yaya, umuulize patroni mwenyewe." Jumamosi nitakwenda. Mama amesema tutakwenda wote.