Wasomaji Kwanza, Jarida Baadaye: Mwanafunzi wa Uzamivu Nyumbani na Ughaibuni

Tangu nilipohamia Ujerumani kwa masomo ya uzamivu, wenzangu waliobaki katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki wamekuwa wakiniuliza inakuwaje wanafunzi wa huku wachapishe makala mapema na kusimama katika makongamano bila kubabaika. Wengi wao huwa wameshajijibu kwamba ni fedha. Fedha zina nafasi yake, nami nitazifikia, lakini sioni kwamba ndizo zinazotutenga zaidi. Kinachotutenga ni wasomaji. Huku andiko la mwanafunzi hupita mikononi mwa watu wengi kabla halijafika kwa mhariri wa jarida, ilhali nyumbani msomaji wa kwanza kulisoma kwa makini, mbali na msimamizi mwenye wanafunzi kupita kiasi, mara nyingi huwa ni mtahini.

Katika idara nyingi za huku kuna semina ya watafiti wa uzamivu inayokutana kila wiki au kila baada ya wiki mbili muhula mzima. Anayewasilisha hutuma andiko lake siku kadhaa kabla, likiwa bado na mapengo, na wenzake huja wameshalisoma na kuliwekea alama. Muda mwingi ni wao wanaosema, naye anaandika. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza humwambia aliye katika mwaka wa mwisho kwamba dai lake halionekani hadi ukurasa wa tisa, na hakuna anayeona kwamba amekosewa heshima. Kwangu hilo ndilo lililokuwa geni kuliko yote, kwa kuwa nilizoea kuona kazi ikifichwa mpaka ikamilike, kana kwamba rasimu ni jambo la aibu. Baada ya miaka michache ya semina za namna hiyo, maswali ya mtu usiyemjua katika kongamano hayakutishi tena, maana mengi umeshayasikia kutoka kwa watu wanaokutakia mema.

Mazoezi hayo huonekana hata katika mpangilio wa wasilisho. Katika makongamano ya nyumbani niliyohudhuria, wanafunzi wengi hulipanga wasilisho kama tasnifu: usuli, tatizo la utafiti, malengo, nadharia, mbinu. Mwenyekiti wa kikao anapoonyesha kikaratasi cha dakika mbili, matokeo bado hayajatajwa, na hadhira inaondoka bila kujua mtafiti amegundua nini. Wala mwanafunzi huyo si mvivu, kwani hiyo ndiyo sura pekee ya andiko la kitaaluma aliyofundishwa. Huku anayejiandaa kwa kongamano huwasomea wenzake wasilisho lake zima, saa ikiwa mezani, nao humlazimisha atangulize matokeo na kuacha sehemu kubwa ya nadharia kwa ajili ya makala.

Katika uchapishaji, pengo hili lina gharama kubwa zaidi. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ya mwaka 2014 ilimtaka mwanafunzi wa umahiri awe amechapisha angalau makala moja, na wa uzamivu makala mbili, katika majarida yanayopitiwa na wataalamu. Nia yake ilikuwa njema. Lakini kumdai makala mtu asiye na wasomaji wa rasimu zake, huku tarehe ya mahafali ikikaribia, ni kumwelekeza kwenye majarida ya kitapeli. Majarida hayo hutuma barua pepe za sifa nyingi, huahidi kuchapisha ndani ya siku chache, na hukumbuka kutaja ada makala ikiwa imeshakubaliwa. Mwaka 2013 mwandishi John Bohannon alieleza katika jarida la Science jinsi alivyotuma makala ya kubuni, yenye makosa ya wazi, kwa majarida 304 yanayosomwa bila malipo, na zaidi ya nusu yakaikubali. Kinachonisikitisha zaidi ya fedha zinazopotea ni data. Mwanafunzi aliyezunguka nyanjani mwaka mzima akizikusanya huzizika mahali ambapo hakuna mtafiti makini atakayezitafuta, wala hawezi tena kuyapeleka matokeo yaleyale kwa jarida la heshima, kwa sababu yanahesabiwa kuwa yamekwisha kuchapishwa.

Nisieleweke kwamba huku watu wamekingwa. Mwaka 2018 uchunguzi wa vyombo vya habari vya Ujerumani ulionyesha kwamba watafiti zaidi ya 5,000 wa nchi hii walikuwa wamechapisha kwa wachapishaji wa aina hiyo. Aidha, Ujerumani nayo humlazimisha mwanafunzi kuchapisha, kwani huruhusiwi kutumia cheo cha udaktari kabla tasnifu yako haijachapishwa. Ila sharti hilo linakuja baada ya mtihani, na kwa kawaida linatimizwa kwa kuiweka tasnifu kwenye hazina ya kidijitali ya maktaba ya chuo bila kulipa chochote. Ningependa vyuo vya nyumbani vilitazame sharti lao upya kwa jicho hilo.

Sasa fedha. Vyuo vya Ujerumani viliingia mikataba ya pamoja na wachapishaji wakubwa wa majarida: Wiley mwaka 2019, Springer Nature mwaka 2020 na Elsevier mwaka 2023, hivyo mwandishi mkuu wa mawasiliano, yaani anayeandikiana na jarida kwa niaba ya wenzake, aliye katika chuo kinachoshiriki huchapisha makala ya kusomwa na wote bila kutoa senti mfukoni. Mwenzake wa nyumbani anayeandika makala ya ubora uleule hukutana na ada ya maelfu ya dola, na jarida la Nature lenyewe lilitangaza mwaka 2020 ada ya euro 9,500. Huu ni udhalimu, na sipendi kuupamba. Hata hivyo, kuna njia ambazo wanafunzi wengi hawaambiwi. Majarida mengi yanayouzwa kwa usajili hayamtozi mwandishi anayekubali makala yake isomwe na waliolipia tu. Majarida mengi ya wazi, yaani yanayosomwa bila malipo, hutoa msamaha au punguzo kwa waandishi wa nchi zenye kipato cha chini, mradi uombe wakati wa kuwasilisha makala, kwa kuwa ukisubiri ikubaliwe huenda umechelewa. Tena yapo majarida yetu yanayopatikana katika jukwaa la African Journals Online, lililoanzishwa mwaka 1998, ambako utafiti wako unaweza kusomwa na watu wanaoishi na jambo unaloliandika.

Suala la viza linauma zaidi, kwa sababu hakuna bidii ya mwanafunzi inayolitatua. Ikisiri, yaani muhtasari wa wasilisho, inakubaliwa, nafasi inatengwa katika ratiba, kisha ubalozi unakataa. Ndiyo maana nilifurahi sana kongamano la kimataifa la ICLR, la watafiti wa akili unde, lilipofanyika Kigali mwaka 2023. Makongamano makubwa yakifanyika nyumbani, mwanafunzi wetu huingia ukumbini bila kuomba ruhusa ya nchi ya mtu, na hadhira anayoipata humo huuliza maswali kwa shauku ambayo mara nyingi nimeikosa huku, ambako vikao vinaendeshwa sambamba na mtu anaweza kusafiri mbali kuzungumza na wasikilizaji wanane.

Viza na ada vitahitaji mapambano marefu. Semina ya kusomeana rasimu inahitaji chumba, ratiba na profesa mmoja atakayekubali andiko lake mwenyewe likosolewe na wanafunzi katika kikao cha kwanza. Ningeomba wakuu wa idara waianzishe muhula ujao, na sharti la makala mbili lisubiri mpaka semina hiyo iwe imemfikia kila mwanafunzi anayedaiwa makala hizo.