Cheti cha BRELA Kikitoka, Kodi Haisubiri Mteja wa Kwanza

Tanga ya leo, kila mwenye gari la mchanga anaambiwa afungue kampuni. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima linaishia Chongoleani, bandari imeongezewa kina, tenda za Serikali zinaombwa kupitia NeST, mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, na vishoka wa usajili wanavuna. Watu wetu wagombee kazi hizo, tena kwa nguvu. Ninachopinga ni kumsajilia mtu kampuni asiyoihitaji bado, kisha kumkabidhi cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, bila kumwambia kuwa kuanzia hapo ana tarehe za kutimiza, auze asiuze.

Mwenye duka anayefanya kazi kwa jina la biashara, mauzo yake yakiwa kati ya milioni 11 na milioni 100 kwa mwaka, anatozwa asilimia 3.5 ya mauzo na kodi yake ya mapato inaishia hapo. Kampuni haina njia hiyo. Hata ikiuza milioni 8, hesabu ziandaliwe, ritani (taarifa ya mapato na kodi) ipite kwa mhasibu mwenye cheti cha kitaaluma cha CPA, na faida itozwe asilimia 30. Kama wateja wako wote ni wa Ngamiani na Makorora, na hakuna hata mmoja anayekudai cheti cha kampuni, sioni sababu ya kuharakisha.

Kwa aliyekwisha kusajili, kosa la kwanza ni la kalenda. Watu huhesabu miezi 12 tangu siku ya usajili. TRA, Mamlaka ya Mapato, inafuata mwaka wa hesabu, ambao kwa kawaida unaishia tarehe 31 Desemba mpaka Kamishna aridhie tarehe nyingine. Kampuni iliyozaliwa Oktoba inafunga mwaka wake wa kwanza baada ya wiki chache tu, na ritani ya mwaka huo inatakiwa ifikapo tarehe 30 Juni. Haikufanya kazi? Peleka ritani ya sifuri. Ukikaa kimya, adhabu inahesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, na kiwango cha chini cha kampuni ni mara tatu ya kile cha mtu binafsi. Kampuni nyingi changa zinaanza kudaiwa hivyo, kabla hazijapata hata shilingi ya mauzo.

Halafu kuna makadirio ya kodi ya mwaka. Yanapelekwa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo ya mwaka wa hesabu, na kwa anayefunga Desemba awamu za malipo ni tarehe 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Usiende kukadiria mikono mitupu. Nenda na karatasi: mikataba uliyonayo, gharama zake, faida inayobaki. Ukikadiria chini ya asilimia 80 ya kodi halisi, utatozwa riba kwenye pengo. Ukikadiria juu kwa woga, umefungia mtaji wako mahali ambapo kuurudisha ni kazi. Mwaka ukibadilika, makadirio yanarekebishwa kabla haujaisha. Wengi hawaitumii haki hiyo, nami naona ndiyo yenye thamani kuliko zote kwa kampuni changa.

Pango la ofisi linaumiza kimyakimya. Kampuni inatakiwa kukata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata malipo, na mkataba wenyewe unalipiwa ushuru wa stempu asilimia 1 ya pango la mwaka. Mwenye nyumba wa Chumbageni atakwambia anataka 300,000 yake kamili. Ukikubali bila kuandika vizuri, ile asilimia 10 inakuwa mzigo wako. Andikeni mkataba wa 333,333 kwa mwezi: unakata 33,333, yeye anapata 300,000, na wewe unaweka gharama yote ya 333,333 kwenye hesabu. Kwa mwaka ni kama milioni 4, stempu 40,000. Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya kusaini.

VAT, kodi ya ongezeko la thamani, inahitaji utulivu. Usajili ni wa lazima mauzo yakifika milioni 200 kwa miezi 12, na watoa huduma za kitaalamu hawasubiri kiwango hicho. Shida yake ni muda. Ukitoa ankara ya milioni 10 mwezi Mei, VAT ya milioni 1.8 inadaiwa ifikapo tarehe 20 Juni, hata kama mkandarasi mkuu atakulipa Agosti. Kazi yenyewe ina faida, lakini fedha hazipo. Kabla ya kusaini kazi ya Chongoleani au ya bandarini, soma kifungu cha malipo: siku 30, 60 au 90? Kama ni 90, weka akiba ya VAT mapema au omba malipo ya awali.

Mteja huyohuyo atakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye huduma, yaani 500,000 kwenye ile milioni 10 bila VAT. Hiyo ni kodi yako uliyotangulia kulipa. Dai cheti cha zuio kila unapolipwa, na kwenye hesabu andika mapato ya milioni 10, siyo 9.5. Bila cheti, utailipa mara ya pili.

Mishahara ina mpangilio wake: PAYE (kodi ya mshahara) ifikapo tarehe 7, NSSF (hifadhi ya jamii) jumla ya asilimia 20 hata kwa mfanyakazi mmoja, WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) asilimia 0.5, na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) asilimia 3.5 ukifikisha wafanyakazi 10. Jiji nalo lina ushuru wa huduma, unaohesabiwa kwenye mauzo, ambao wengi huukumbuka siku ya kuhuisha leseni. BRELA wanataka taarifa ya mwaka ndani ya siku 28 tangu kumbukumbu ya siku ya usajili. Ada ni 22,000, kwa hiyo hakuna sababu ya kuiacha.

Fedha za kampuni zisipite kwenye simu ya mkurugenzi. Chukua Lipa Namba kwa jina la kampuni. Ukitaka kula faida, ni mshahara wenye PAYE au gawio lenye zuio la asilimia 10. Fedha ikichotwa bila jina, mkaguzi ndiye atakayeipa jina.

Na kwa kishoka usimpe fedha taslimu ya kodi hata siku moja. Lipa mwenyewe kwa namba ya malipo iliyotolewa na mfumo. Ingia kwenye akaunti za kampuni za BRELA na TRA uangalie barua pepe na simu zilizoandikwa. Zikiwa za kishoka, notisi zote zinakwenda kwake. Badilisha wiki hii.