Nimepanda mlima kwenda kuangalia mapagale

Jamani nyie, jumapili nimeteswa. Tunaishi Strasbourg huku Ufaransa, sasa mama watoto kaona picha kwenye simu, kasema tuwapeleke watoto na bibi yao wakaone ngome za zamani Ribeauvillé, eti ziko tatu mlima mmoja. Nikauliza kiingilio shingapi, akasema bure. Hapo ndo ningeshtuka, huku kitu cha bure ujue utalipia magoti.

Mi nikajua tunapaki mlangoni. Wapi! Gari linabaki chini mjini, karibu na mashamba ya mizabibu, halafu ni miguu tu. Mimi mtu wa Mbagala, mlima mrefu niliowahi kupanda ni lile daraja la waenda kwa miguu Manzese na napo nilipumzika katikati, leo ngome ya kwanza tu, Saint-Ulrich, iko mita 528 toka usawa wa bahari na ya juu kabisa, Haut-Ribeaupierre, mita 642. "Si mbali baba Zai, dakika arobaini na tano tu." Dakika za nani, za mbuzi?

Mama mkwe ndo kanimaliza kabisa. Msambaa wa Lushoto yule, kafunga kanga juu ya koti, lile begi la msosi nililoshindwa mimi kalitwika kichwani, anakata kona kama anawahi gulio, kila akigeuka "pumzika mwanangu, tutakusubiri." Ukiambiwa pumzika na mkweo hilo ni tusi, ila lina adabu.

Nafika Saint-Ulrich ulimi nje, naona nini? Kuta. Sikatai, ule ukumbi una madirisha yamechongwa mawili mawili, fundi alikuwa fundi, lakini paa hamna, juu mbingu chini majani. Zai anasoma kibao, mabwana wa Ribeaupierre karne ya 16 wakahamia kwenye jumba lao chini mjini. Mnaona? Wenye nyumba wenyewe kile kilima kiliwashinda!

Pembeni juu ya mwamba kuna Girsberg, imekaa kama kiota cha kunguru. Hadithi yao wanasema ndugu wawili walikaa mmoja huku mmoja kule, siku ya kuwinda atakayewahi kuamka anamwamsha mwenzie kwa kupiga mshale kwenye dirisha la mbao, sasa siku moja huyu anaachia mshale na yule ndo anafungua dirisha. Basi tena. Watoto wakasikitika, mi kimoyomoyo namuelewa jamaa, nani ashuke apande tena kisa kubisha hodi?

Tukakaa kula chapati zishapoa, nikatangaza ngome ya tatu mi naitazamia hapahapa, halafu mdomo ukaniponza, nikaropoka "yaani mafuta yote yale na jasho lote hili kuja kuangalia mapagale!"

Mama mkwe akatafuna taratibu, akameza, akajifuta na pindo la kanga.

"Baba Zai mwanangu, na lile la kwako Chanika? Mwaka wa saba huu halijaona bati. Nalo tuwe tunaenda kulipiga picha?"

Mama Zai chai ikamtokea puani. Mi nikanyanyuka mwenyewe, hakuna aliyenisukuma, nikashika njia ya ngome ya tatu.